Kichwa cha Mutoto Nilichokitia Gundi

Kamenge, Bujumbura

Riziki, mutoto wa dada yangu,

Pokea salamu, we na mugeni wetu wa miezi mitatu. Ananyonya vizuri? Huko Kalemie mvua imewaachia nafasi? Mi niko muzima sana. Nimenenepa mpaka kitanda nilichojitengenezea kimeanza kulalamika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema utosi wa mutoto bado laini, unapigapiga, na jirani yenu Mama Chausiku anataka kuingiza kidole kinywani, asukume kaakaa juu ili kichwa kifunge. Ngoja kwanza. Swali hilo limepata mutu wake.

Juzi hapa dokta moja, mama anayefundisha wanafunzi, alikuja ateliye kwangu, hapa ninapochongea mbao. Alitaka kichwa cha mutoto muchanga cha mbao, vipande vipande kama mifupa yenyewe. Alikuwa amezunguka muji muzima, kila fundi akamuonyesha mulango wangu. Nikachonga siku nne bila kula. Halafu, kwa sababu mi si fundi wa kuacha nyufa, nikatia gundi kila kiungo, nikapiga musasa mpaka sisimizi angeteleza.

Dokta akakigeuza huku na huku. Akasema, “Fundi, huyu mutoto umemuua.”

Kumbe mifupa ya kichwa inazaliwa imeachana, katikati kuna utando mugumu kama ngozi. Ubongo unakua, unasukuma, na kila mufupa unajiongeza pembeni. Ukifunga mapema, ubongo unakosa nafasi. Utosi wa mbele mara nyingi unangoja mwaka upite, hata na nusu. Kaakaa nayo ni kama mbao mbili zilizokutana mutoto akiwa tumboni, na mustari wake unabaki ili kinywa kipanuke. Kidole hakina kazi pale. Utosi ukibonyea mutoto akiharisha, au ukivimba, mukimbize hospitali.

Nikatengeneza kingine, nikaunga kwa vipande vya ngozi ya mbuzi. Akanionyesha na fuvu la mutu muzima: mifupa imeumana kama meno ya musumeno. Kiungo kama hicho natia kwenye makabati ya matajiri wa mutaa wa Asiatique. Nimefurahi kuona Mungu naye anakijua.

Nisalimie mama yako, dada yangu muchokozi, na bwana yako muvumilivu. Mama Chausiku umuambie kwa heshima kwamba mujomba amekataa. Akibisha, umuambie mi mwenyewe nilikosea, mi ambaye sijakosea kiungo tangu nizaliwe. Kile kichwa cha kwanza kiko hapa juu ya rafu. Kizuri kabisa, na hakitakua.

Mujomba wako,
Fundi Saidi