Umeona au Umeambiwa?

Tarehe tisa, mwezi wa pili. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke nyumbani.

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Natumaini goti lako limetulia, na baridi ya asubuhi haikusumbui tena unapofungua duka lako la vipuri. Nasikia shemeji yangu amepata miwani mipya. Mwambie sasa hana kisingizio cha kuunguza mboga. Mimi sijambo, kwa kiasi ambacho mtu wa umri wangu anaweza kusema hivyo bila kujidanganya. Chumba changu ni kilekile: meza, kitanda, na dirisha linalotazama karakana ya kupaka magari rangi. Harufu yake nimeizoea kama wewe ulivyozoea grisi.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na karatasi, mimi ambaye riziki yangu yote imetoka kwenye kompyuta. Utaelewa huko mbele.

Unakumbuka mama alivyotupokea tulipomletea habari. Hujamaliza hata sentensi ya kwanza, anauliza: umeona au umeambiwa? Ukisema umeambiwa, linafuata la pili: na nani? Siku uliyokuja mbio kusema shule inaungua, alikurudisha ukaangalie mwenyewe, ukamkuta mpishi anachoma takataka. Tulikucheka mpaka ukalia.

Swali hilo ndilo nililojengea kazi yangu. Nimekueleza mara nyingi ukapiga miayo. Vumilia mara hii ya mwisho. Nilitunga lugha ya kuandikia mawakala, yaani programu ndogondogo, kila moja na kazi yake, zinazopeana habari na kuombana msaada bila mtu kuzisimamia, kama watu wa nyumba moja. Kanuni zake kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza, wakala huamini alichoambiwa mpaka aambiwe vingine. Ya pili, kila anachokiamini lazima akitie alama: amekiona mwenyewe au ameambiwa, na nani, na lini. Ukimwuliza kwa maneno ya mama, hana ruhusa ya kukwepa.

Ofisini hawakuipenda. Meneja wetu, kijana tuliyempa jina la Bwana Chapuchapu, aliniambia mbele ya wenzangu: mzee, mteja anataka jibu, hataki ukoo wa jibu. Walicheka. Nami nilicheka, maana bosi akifanya mzaha hununi. Wakaleta zana mpya, mawakala wanaoongea kwa ufasaha wa mawakili, na hakuna ajuaye wanayosema wameyatoa wapi. Mimi nikastaafishwa kwa keki na makofi. Lugha yangu ikabaki na watu wachache, mmoja wao binti yako, niliyemfundisha kwa simu alipokuwa chuoni.

Yeye ndiye aliyewaweka mawakala nyumbani kwa mama, masikio ya mama yalipoikataa simu. Mmoja alikuwa wa dawa. Alijua kisanduku cha vidonge kimefunguliwa au la. Mwingine alikuwa wa salamu; alipokea habari kwa mwenzake na kuniandikia kila jioni. Mama aliwaita vitukuu wasiokula. Alisema angalau hawa hawamwombi nauli.

Nilizipenda salamu zile. Mama hajambo, amekunywa dawa, anakusalimu. Nilizisoma nikiwa wima, kabla ya kuvua koti. Na wewe, kila nilipokuuliza habari zake kwenye simu, ulinijibu: si unazipata salamu zake? Nikaridhika.

Mwezi uliopita nikakata tiketi. Sikukwambia. Nilitaka nibishe hodi mwenyewe, nimsikie mama akiuliza kama kweli ni mimi, na nani kasema.

Nilipoanza kufunga begi, nilimwuliza wakala wa salamu mama anavaa viatu vya namba gani siku hizi, maana miguu ya wazee huvimba. Hakujua, na hilo si kosa. Lakini akaongeza kwamba mama hajambo, amekunywa dawa, ananisalimu. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kama ya jana na juzi. Basi nikamwandikia: umeona au umeambiwa?

Akajibu kama nilivyomfunza. Nimeambiwa. Aliyeniambia ni wakala wa dawa. Tangu mwezi wa saba hajaniambia kitu kingine.

Mwezi wa saba, mdogo wangu.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia yule fundi cherehani wa jirani, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mara hii alinong'ona. Aliuliza: kaka, ina maana hawakukwambia? Akasema mama alizikwa siku ya mvua, na wewe ulishika jeneza upande wa kichwa. Nilimwuliza kama ameona au ameambiwa. Akasema ameona; gauni alilozikwa nalo alilishona yeye.

Kisha nikampigia binti yako. Alilia kabla sijamaliza kumsalimu. Alisema alitaka kuwazima mawakala wote siku ileile. Alipokwisha kumzima wa dawa, ulimshika mkono ukamwambia: huyu wa salamu mwache, mwachie mzee mama yake.

Nimeyageuzageuza maneno hayo. Najua uliyaita huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema mficha kifo humuumbua nani. Wewe ulilia ukiwa na watu wa kukushika bega. Mimi ulininyima hata machozi ya wakati wake, nikawa kila jioni namrudishia salamu mtu aliye chini ya udongo, na kujibiwa na kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Na linaloniuma kuliko yote ni hili: katika nyumba iliyolelewa kwa swali lile, aliyebaki kunijibu kweli ni mashine.

Mwambie binti yako simlaumu. Amzime sasa yule wa salamu. Ila kabla ya kumzima, amwambie kwamba mama amefariki. Asizimwe akiwa bado anaamini vingine.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na umfikishie fundi cherehani shukrani zangu kwa lile gauni. Goti lako usilipuuze, lipashe moto kila asubuhi. Tiketi nimeirudisha, hapo mlangoni hakuna tena wa kuniuliza kitu.

Ni mimi, kaka yako. Sitarudi.