Aliyemlisha Pearl

Kissimmee, Florida
Jumatatu

Dada yangu Coralee,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Royce na hao wapwa zangu ambao naambiwa wamenipita kimo. Goti la shemeji linaendeleaje? Sisi huku miili haijambo, roho ndizo usiulize. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na ameninunia.

Simu yako ya Alhamisi imeniuma. Hukunipa hata nafasi ya kupumua, ukasema nimemuua Pearl kwa upumbavu wangu na nimemtia Baba aibu uzeeni. Sikuweza kukujibu, maana Baba alikuwa palepale jikoni. Basi leo nakujibu, na ukishasoma uichane.

Wewe uliondoka zamani, hujui watalii wamekuwaje. Waliokuwa wakija kwenye boti yetu ni watu waliochoshwa na foleni za viwanja vya burudani, wanataka kuona ndege, matete, na mamba akiota jua. Siku hizi wanakuja kwa sababu tiketi za kule zimewashinda, halafu wanatudai sisi mambo ya kule. Mama mmoja aliniuliza mamba hutolewa saa ngapi. Nikamwambia, mama, hawa hawafungiwi. Akabenua midomo, akataka nimwitie meneja. Meneja ni nani, Coralee, kama si mimi? Mwingine akaandika mtandaoni kwamba ziwa letu ni zuri ila halina kitu ndani. Jamani!

Mimi hasira zangu humalizikia kwenye chai ya baridi. Baba ndiye aliyeumia. Siku moja kitoto kilipiga mwayo mbele yake kikamwambia, Babu turudi basi, mamba wa mashine wa kule kiwanjani hufungua mdomo na kuimba, wako wamelala tu. Boti nzima ikacheka. Baba naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. Mtu aliyezeekea kwenye ziwa lile!

Haukupita muda, Pearl akaanza kuja. Unamkumbuka, yule mamba jike mkubwa wa kwenye matete, ambaye akituona tu alikuwa anazama. Sasa Baba akigonga ubavu wa boti, huyoo, anakuja mwenyewe mpaka karibu. Watalii wakawa wanapiga makelele ya furaha, na gatini watu wakaanza kupanga mstari.

Mamba asiyeogopa watu ni mamba aliyelishwa. Hilo Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma: usimtupie hata mfupa, siku ukikosa cha kumpa atachukua mkono. Na unajua sheria ya huku, mamba akishazoea watu hana msamaha, anauawa. Nilidhani ni wale majirani wapya wa ng'ambo ya ziwa wanaomtupia vitu. Niliwatukana kimoyomoyo kila asubuhi.

Jumamosi ya wiki juzi, Pearl alipanda gati. Palikuwa na kitoto cha kike kimeshika mfuko wa chipsi, kinamwita Pearl kama mtu anavyoita paka. Nilikinyakua, na meno ya Pearl yakafungana pale mguu wake ulipokuwa. Nikawapigia simu watu wa wanyamapori mimi mwenyewe. Wewe ungefanyaje?

Afisa wa wanyamapori alipogusa tu ubavu wa boti, Pearl akamjia. Afisa akageuka akatuuliza nani anamlisha. Baba alikuwa ubavuni kwangu, na mfuko wa koti lake umejaa zile peremende nyeupe laini, zinazoelea majini, ambazo mamba huzifuata kama nyama. Alinitazama, Coralee. Maishani mwangu sijawahi kumwona Baba akiogopa. Wangemnyang'anya leseni, na bila boti Baba ni nani? Nikasema ni mimi.

Ni Baba, dada. Baba ndiye aliyemlisha.

Sasa nimepigwa marufuku kubeba wageni. Nauza karanga za kuchemsha gatini, yeye anaongoza boti. Jioni ile nilitegemea ataniambia neno, lolote lile. Akaniambia nikaange samaki. Kesho yake akaanza kuwasimulia watu jinsi bintiye alivyomponza Pearl, mpaka akakupigia na wewe. Mimi naona sasa ameshaamini mwenyewe.

Jana kanisani, wakati wa maombi, alisimama kofia mkononi, akaomba waumini wamwombee binti yake aliyemlisha mamba, Mungu amsamehe. Alilia machozi ya kweli. Watu wote wakageuka kunitazama, na Mama Ottoline akanishika bega kwa huruma. Nikainamisha kichwa, nikaitikia amina.

Ukimpigia simu usimwambie kitu, tafadhali. Endelea tu kunigombeza akiwa anasikia. Nilitaka mtu mmoja tu ajue.

Nisalimie shemeji, na wapwa wabusu kwa niaba yangu hata wakikataa. Mungu awalinde nyote.

Mimi mdogo wako,
Ardith