Upele wa Watasema

Jumapili, 8 Juni 1975

Krr, krr, krr. Tangu alfajiri. Mguu wa nyuma unapiga ukuta, ukuta unapiga kichwa changu. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Watasema, mbwa wetu, amejikuna mpaka makwapa yamebaki ngozi tupu. Tumbo jekundu. Masikio yamenyonyoka manyoya. Mwezi wa tisa huu! Alianza Oktoba, miezi miwili tu baada ya sisi kuhamishiwa hapa Guta, kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati.

Leo kanisani padre alikuwa mfupi wa maneno, mwenyekiti wa kijiji akawa mrefu. Alitungoja nje baada ya misa. Bwana Mifugo atakuja kutoka Musoma, Ijumaa tarehe 11 Julai, na mgambo mwenye bunduki. Mbwa yeyote mwenye upele hatapona siku hiyo. Zamani mtu alikaa na mbwa wake mlimani, lakini sasa tunaishi ukuta kwa ukuta, watoto wanacheza pamoja.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikajifanya natafuta rozari kwenye kikapu.

Mbwa huyu ni wa Bernado. Marehemu mume wangu alimleta mdogo kutoka Buhemba mwaka ule tulipoezeka bati, majirani walipokuwa wanatunong'ona kila tukipita. Akamwita Watasema. Kila jioni alisimama uani akamwita kwa sauti kubwa, wenyewe wasikie. Tulicheka! Kaburi la Bernado limebaki kule kwenye boma la zamani, sikuweza kulihamisha. Mbwa niliweza. Mtu asiniambie nitafute mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda zahanati. Dresa kanipa dawa ya upele ya watu, nusu chupa, akasema nisimtaje. Nimempaka Watasema mwili mzima. Alilia kama anachinjwa, akakimbilia ziwani, akarudi kalowa na kanuka vibaya zaidi. Nami nanuka. Hata uji wangu unanuka.

Nilipomwona anatetemeka nikamwongezea fifi kitandani. Angalau alale pazuri.

Kitanda chake ni hicho: fifi. Tukichambua pamba, safi inakwenda chama, fifi inakaa pembeni ikingoja mwisho wa msimu — ile yenye madoa, majani makavu na vumbi la dawa tunayopulizia shambani. Nilimtandikia rundo nyuma ya mlango tangu wiki tuliyohamia, maana alikuwa analia akitafuta kwao. Akanyamaza. Kila nikimwonea huruma namwongezea. Watu wananicheka, eti mbwa wa Marieta analala kama diwani.

Alhamisi, 12 Juni

Bado. Krr.

Jumamosi, 14 Juni

Clementi, jirani yangu mvuvi, amesimama uani muda mrefu akimwangalia Watasema. Kisha akatoa hukumu.

"Mama Enoka, huyu furu zinamkataa. Kule Rukuba nilikuwaga na mbwa wa hivihivi. Nilimnyima furu, akapona."

Mbwa amekula visamaki hivyo tangu utoto wake! Lakini nimeshajaribu dawa ya josho, oili chafu ya lori na majani ambayo hata sikuyajua jina. Nitajaribu na njaa. Kuanzia leo ni ugali mtupu.

Jumatano, 18 Juni

Furu hazihusiki. Siku nne za ugali mtupu: amekonda na bado anajikuna. Sasa nina mbwa mwenye upele na kinyongo.

Leo mchana amekuja Thadeo, balozi wetu wa nyumba kumi. Nikampa kigoda, akakataa kukaa. Akafungua daftari.

"Ndugu Marieta, mbwa mmoja. Upele."

"Ndugu Balozi, nani kasema ni upele? Mimi nalala naye nyumba moja, mbona sina?"

"Mimi sikupimi wewe. Naandika ninachoona. Anayejikuna ana upele, huhitaji daktari kujua."

Kisha akapapasa mifuko. Balozi huyu hanaga kalamu! Akaniomba yangu. Nikampa — ningefanyaje? Akamwandika mbwa wangu kwenye orodha ya kufa kwa kalamu yangu mwenyewe, akashukuru, akaondoka nayo. Nimetuma mtu kuifuata jioni.

Si mtu mbaya. Mkewe, Nyamburi, ni jirani yangu, rafiki wa kisimani na mwanafunzi wangu wa kisomo. Ila akishashika daftari anakuwa kama amemeza mti.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamua. Nampeleka Butiama kwa wifi Robi, dada yake Bernado. Risasi ikija, isimkute. Robi na mimi hatujawahi kupikika chungu kimoja, lakini ni damu ya Bernado. Nimeomba ruhusa kwa mwenyekiti, nimesema wifi anaumwa. Mungu anisamehe, na wifi asisikie.

Jumapili, 22 Juni

Narudi sasa kuandika ya jana. Mguu mpaka Bunda, halafu basi. Konda kasema mbwa si abiria. Watasema akapanda juu ya keria ndani ya gunia, kichwa nje, katikati ya matenga ya kuku. Kila basi liliposimama nilishuka kumwangalia. Tukashuka Kiabakari tukatembea mpaka Butiama. Alijikuna njia nzima, hatua kumi anasimama.

Robi kamwangalia, kaniangalia. "Wifi, umeniletea mgeni au mgonjwa?"

Nilikuwa nimebeba kifurushi cha fifi, nimtandikie ugenini kitanda alichozoea. Robi akakichukua, nikadhani anapeleka ndani. Akawashia moto! Akasema kwake mbwa analalaga jikoni kwenye majivu kama mbwa wengine, na mimi nimemharibu kwa udiwani. Watasema akasogea jikoni, akalala kwenye majivu ya moto wa kitanda chake.

Leo nimeondoka bila kumuaga, asinifuate. Nimelia mpaka Kiabakari. Mwanamke mzima.

Alhamisi, 26 Juni

Nyumba kimya. Nilidhani nitalala vizuri.

Jumatatu, 30 Juni

Barua ya Robi! Kaileta dereva wa lori la pamba. Naiandika kama ilivyo, maana nimeisoma mara tatu na sijaamini: "Wifi, mbwa hajikuni. Siku ya nne alipunguza, leo ni ya tisa ameacha kabisa. Manyoya yanaota. Furu anakula sahani nzima. Sijampaka kitu. Nadhani alikuwa anakosa mtu wa kumpenda."

Nimefurahi mpaka nikampigia Nyamburi kigelegele kupitia ukuta. Halafu nikasoma tena sentensi ya mwisho.

Anakosa mtu wa kumpenda! Aliyemnyima kitanda ni nani?

Ijumaa, 4 Julai

Nimemfuata Butiama, amerudi nyumbani. Aliponiona alilia, akaniangusha chini na kikapu changu. Robi kasimama mlangoni kwake akisema ni mkono wake tu, wengine wana mkono wa kulea. Nikaokota kikapu. Kumbe mtu ukifurahi sana hata wifi anavumilika.

Balozi kaja kabla sijavua viatu. Akamzunguka mbwa mara mbili.

"Huyu ndiye yule yule?"

"Mwite."

Hakutaka kumwita — mtu mzima kama balozi kusimama uani anapaza sauti "Watasema"! Nikaita mimi, vile Bernado alivyokuwa akiita. Mbwa akaja mbio. Balozi akasema jina halifutwi kwenye orodha mpaka Bwana Mifugo aone mwenyewe tarehe 11. Sawa. Aone!

Jambo moja. Jioni Watasema hakutaka kitanda chake. Kasimama mbele ya rundo la fifi anapiga chafya. Nikamwambia umeshakuwa wa Butiama, eti? Nikambeba mwenyewe nikamlaza, nikamfunika miguu.

Jumamosi, 5 Julai

Krr, krr.

Siamini. Tumbo limeshakuwa jekundu. Zimebaki siku sita. Basi Robi alisema kweli, kwangu ndiko ugonjwa, mimi ndiye ugonjwa. Sijala.

Jumapili, 6 Julai

Ngoja niandike taratibu.

Asubuhi sikwenda kanisani. Nimekaa na rundo la pamba nachambua, kwa hasira tu, mikono ifanye kazi. Safi huku, fifi huku. Viwiko vikaanza kuwasha. Vinawashaga kila msimu, wote tunawashwa, tunanawa tunasahau. Nikajikuna. Krr. Nikamsikia Watasema nyuma ya mlango, krr. Mimi, yeye, mimi, yeye. Nikaacha kuchambua.

Nikanyanyuka nikamtazama. Alikuwa ameshatoka kwenye rundo. Amejikokota mpaka mafigani, amelala kwenye majivu, tumbo chini, macho kwangu kama mtoto anayeogopa kufukuzwa. Na mimi nilikuwa nimemfukuza pale jana mara mbili!

Majivu. Kwa Robi ni majivu. Kule kwetu zamani alilala zizini. Fifi ni ya hapa tu, tangu Agosti. Na kila alipojikuna mimi nikaongeza. Nikamwonea huruma, nikaongeza. Mimi hunawa. Yeye analala ndani yake usiku kucha na tumbo lisilo na manyoya.

Miezi tisa! Nani angefikiria pamba? Pamba ndiyo tunafungia vidonda.

Nimemshika kichwa nikamwomba radhi, mbwa, kwa maneno kabisa. Akanilamba pua. Nimecheka na kulia kwa wakati mmoja. Si upele. Si mkono wangu. Ni pamba.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watu wote wako uwanjani, ngoma zinasikika. Mimi nimefagia nyuma ya mlango mpaka udongo, nikamwaga maji ya moto, nikatoa fifi yote uani. Watasema nimemwogesha kwa sabuni ya kipande, akatulia kama bwana harusi.

Nikachukua kibiriti. Nyamburi huyo, mbio, kitenge kimoja begani.

"Mama Enoka! Unachoma pamba siku ya Saba Saba? Watasema unahujumu!"

Watasema akanyanyua kichwa. Tukacheka wote wawili.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu ile anayonisikilizia darasani nikifundisha asichokiamini. Kisha akaniomba rundo zima. Godoro lao limebaki gunia, na mgongo wa mzee wake, balozi, unamsumbuaga.

Nikamwambia: Nyamburi, hii inawasha. Ndiyo iliyomla mbwa.

"Mbwa na mtu ni mamoja? Wewe kama hutaki kunipa, sema."

Nikasogea kando. Akabeba mafungu mawili kichwani, akarudia la tatu. Nimemwambia mara mbili. Mbele ya Mungu, mara mbili.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya pili kwenye majivu. Amejikuna mara moja, shingoni, kupe. Nimemtoa. Tumbo linapauka. Amekula furu, amelamba na sahani.

Nimelala mpaka jogoo wa tatu! Sikumbuki mara ya mwisho.

Clementi anasema ni ile njaa ya furu imefanya kazi polepole. Sawa, Clementi. Nimemwandikia Robi barua pia. Nimemwambia ni pamba. Nimeongeza kwamba ahsante, mkono wake ni mzuri. Haikuniuma sana.

Ijumaa, 11 Julai

Saa tatu. Nimekaa ndani na daftari ili nisizunguke kama kichaa. Wako nyumba ya kwanza ya mstari. Mlio mmoja umesikika asubuhi, upande wa shule. Watasema kanyanyua sikio, kalaza.

Saa nne. Wako kwa Clementi. Nasikia sauti ya Bwana Mifugo, kijana, anaongea taratibu. Nimempiga mbwa brashi mara tatu. Jivu halitoki, amekuwa mbwa wa kijivu. Na awe.

Saa nne u nusu. Amepona! AMEPONA! Andika, Marieta: Bwana Mifugo kampekua masikio, makwapa, tumbo, katikati ya vidole. Kauliza analala wapi, nikasema majivuni. Kauliza zamani, nikamweleza habari ya fifi. Hakucheka! Kasema kuna wanyama ngozi zao hazitaki kitu fulani, ukikiondoa wanapona, na hilo haliambukizi mtu wala mbwa mwenzake. Nisimrudishe huko hata siku moja. Mgambo kashusha bunduki ukutani, kaomba maji ya kunywa.

"Mfute huyu," kamwambia balozi.

Balozi kapapasa mifuko. Hana kalamu! Kaniomba yangu. Nimeingia ndani kuichukua, nikaona hili niliandike kwanza, mbwa wangu anafutwa kwa kalamu ileile, wangoje kidogo.

Krr, krr, krr.

Mungu wangu, si sasa! Nimechungulia mlangoni. Watasema amelala mafigani, mguu haujatikisika.

Ni balozi. Daftari liko chini ya kwapa. Mkono mmoja uko ndani ya shati mgongoni, wa pili shingoni, nayo shingo nyekundu mpaka kwenye kola. Mgambo kasogea hatua moja. Bwana Mifugo kaacha kunawa mikono, anamtazama. Nyamburi amesimama ukutani kwao, ananitazama mimi.

Wananiita, wanataka kalamu.