Tangi Linalozima Likipenda

Jumatatu, 7 Julai
Manyunyu tangu alfajiri. Nimefika kituo cha maziwa nimelowa, nikaanika koti mahali pake, juu ya boksi la umeme la tangi la kupozea. Ndipo penye joto pekee Tetu nzima. Saa mbili tangi likazima. Wambui, ambaye kazi yake ni kulilinda, alikuwa na simu mkononi. Tukamwita fundi kutoka Nyeri. Nikavaa koti nikaenda kumfungulia geti. Alipoingia, tangi linanguruma kama kawaida. Nalichukia tangi hili.

Jumatano, 9 Julai
Jua. Tangi linafanya kazi vizuri kabisa. Linanikejeli.

Alhamisi, 10 Julai
Manyunyu tena. Koti kwa boksi, chai, foleni ya mitungi. Likazima. Maziwa yamechacha, tumemwaga mtaroni wakulima wakitazama. Mama mmoja alilia. Fundi alifika mchana, nikavaa koti nikatoka kumpokea. Akakuta tangi linanguruma.

"Mama, hii mashine haina shida. Shida iko kwa watu."

Watu ni wawili, mimi na Wambui. Si mimi.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwambia mwenyekiti wa chama cha wakulima kwamba Wambui anachomoa waya wa tangi achaji simu. Sikumwona. Lakini nani mwingine?

"Mimi sijagusa hiyo kitu, na unajua," Wambui aliniambia.

Amefutwa kazi. Ana watoto watatu. Sijutii.

Jumatatu, 14 Julai
Manyunyu. Niko peke yangu. Likazima. Nimelipiga teke, kidole kimevimba. Nikachukua koti niende kumpigia fundi kule barabarani kwenye netiweki. Sijamaliza vifungo, tangi likawaka.

Nikarudisha koti juu ya boksi. Baada ya nusu saa, tangi likazima. Nikalitoa. Likawaka.

Boksi lina matundu ya kutoa joto. Koti langu huyaziba, boksi linachemka, linajizima. Na kila mara fundi alipokuja, nilikuwa nimelivaa.

Mjinga ni mimi. Tena mjinga mwenye mdomo.

Jumanne, 15 Julai
Nimemwambia mwenyekiti yote, wakulima wakisikia. Hakuna aliyenitetea. Angekuwapo, ningeshangaa.

Alhamisi, 17 Julai
Manyunyu. Wambui amerudi. Hakunisalimia. Nyuma ya mlango nimekuta msumari mpya, umepigiliwa usawa wa bega langu, na nyundo bado iko kwenye ndoo ya Wambui. Nikatundika koti hapo. Tumefanya kazi asubuhi nzima. Tangi halikuzima.