Chupa za Maji ya Kiunga

Jumatatu, 7 Machi 1966
Garissa bado. Nimelowesha tena magunia yanayofunika chupa. Joto linaniua. Malori ya Nairobi hayajaruhusiwa, eti njiani kuna shifta, wale waasi wenye bunduki. Maji haya tuliyateka baharini mbele ya Kiunga, pale maji ya kusini yanapokutana na ya kaskazini. Ndani mna chembechembe za mimea na viumbe wa bahari waliokufa. Jicho halizioni. Maabara inazingojea. Chupa nyingi zimetiwa dawa ili chembe zisioze. Dawa hiyo inaua mtu. Chache ni maji matupu. Hizo nimezifunga uzi mwekundu.

Jumanne, 8 Machi
Eeddo Halimo, shangazi yangu ninayelala kwake, ameuliza kwa nini nabembeleza maji ya chumvi kama kichanga. Nimecheka. Mtaa wa pili umepekuliwa na askari. Wanaume wawili waliochukuliwa hawajarudi. Sikula.

Jumatano, 9 Machi
Uvumi: kisima kimetiwa sumu. Nani kasema? Sijui. Natamani kuzimwaga chupa zote. Naogopa kuonekana nikimwaga. Kuzificha naogopa pia.

Alhamisi, 10 Machi
Wamekuja asubuhi. Askari waliyararua magunia, wakazikata nyuzi. Chupa zikachanganyika. Moja ikavunjika, harufu ya dawa ikajaa chumba. Ofisa akaokota nyingine, akanipa.

"Kama si sumu, kunywa."

Nikaeleza. Bahari, kazi ya serikali, dawa. Neno dawa ndilo lililoniponza. Bunduki ikaniinukia. Niliinusa chupa; pua ilishajaa harufu ile, sikuweza kutofautisha. Eeddo akaninyang'anya.

"Afande, hii ni mtoto yangu. Mimi nakunywa."

Akanywa hadi nusu. Nilipiga kelele. Akatapika, akajifuta kwa shungi, akabaki amesimama. Ofisa alimtazama aone kama ataanguka. Kisha wakazimwaga zote mchangani, wakaenda nyumba ya jirani.

Ijumaa, 11 Machi
Bado anatapika. Bado sijui alikunywa ipi. Namnywesha maziwa ya ngamia kidogo kidogo. Nikifumba macho naliona koo lake likimeza. Namchukia yule ofisa. Najionea aibu. Ya Rabbi, usimchukue.

Jumapili, 13 Machi
Alhamdulillahi. Ilikuwa chumvi tu. Amekula anjera, akanigombeza chai haina sukari. Kisha akaniuliza bahari ikoje, hajawahi kuiona. Nikamweleza. Rangi yake, upepo, jinsi miguu inavyozama mchangani wimbi likirudi. Akasinzia katikati. Nikaendelea kidogo, kwa sauti ya chini.