Sifuri Kando ya Jiko

Kinoo, Jumanne ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi.

Mama Njeri, mke wangu, yuko hai. Naanza na hilo ili niweze kuandika mengine.

Msimu huu tumekuwa tukiingiza jiko la makaa chumbani. Binti yetu Njeri, anayekagua hewa katika maegesho ya chini ya ardhi kule Upper Hill, alituletea kipimo cha kaboni monoksidi, ile gesi ya makaa isiyo na harufu wala rangi. Kinatosha mfukoni. Kila alasiri nilikiwasha kando ya jiko, kikaonyesha sifuri, nami nikamwambia mke wangu alale bila wasiwasi. Kichwa kilipomuuma tulilaumu presha.

Leo betri iliisha. Nilimwacha amelala, nikaenda dukani, nikatia betri mpya na kukiwasha palepale nje. Sifuri. Nilipofungua mlango wa chumba kikaanza kulia, tarakimu zikipanda.

Nilidhani betri ni mbovu.

Nilisimama pale nikihangaika na kifuniko kwa ukucha, huku mke wangu akiwa amelala mbele yangu. Kisha nikamwita. Hakuitika.

Nilimburuta na blanketi lake hadi uani. Manyunyu yakamzindua.

"Baba Njeri, umeniweka kwa mvua?"

"Nimekuweka kwa hewa."

"Si ungeleta hata sweta."

Halafu akatapika. Nikampigia Njeri.

"Baba, umekuwa ukiiwasha wapi hiyo mashine ya kupima?"

"Kando ya jiko. Si huko ndiko hatari iko?"

"Inawashwa nje, Baba. Hewa inayoikuta ikiamka, hata ikiwa na gesi, hiyo ndiyo inaita sifuri. Msirudi ndani. Nakuja tuende hospitali."

Mama Njeri alipewa oksijeni hospitalini mpaka jioni. Sasa tumerudi. Jiko liko uani, limelowa.

Kinachonitisha zaidi ni tambara. Tangu tulipofukuzwa kwetu bondeni wakati wa machafuko, Njeri akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mke wangu huziba nafasi chini ya mlango kwa tambara, mwanga usionekane nje. Madirisha niliyapigilia misumari mwenyewe. Sikuwahi kumwambia aache, kwa kuwa nami nililala vizuri zaidi hivyo. Miaka yote hii tumetega masikio kwa nyayo za nje.

Nimeng'oa misumari ya dirisha moja. Liko wazi kiasi cha kiganja. Mama Njeri ameketi kitandani na sweta mbili, halipi dirisha mgongo hata kidogo.

"Na mtu akiingia?" ameniuliza.

Nimekiwasha kipimo langoni, nikaingia nacho. Sifuri. Nikatoka, nikakizima, nikakiwasha tena, nikaingia.

Bado sifuri.

Natoka tena.