Nafasi Yako Kwenye Leseni

Mpendwa yaya Noella,

Leo asubuhi ziwa halikuonekana kabisa. Ukungu ulipanda kutoka kule chini, ukavuka barabara, ukafika mpaka kwenye mlango wa atelier yetu ya kushona hapa Muhumba, Bukavu. Nilikaa kwenye kiti chako nikafumba macho, na kwa kitambo kidogo nikakusikia kule nyuma ukipiga pasi na kuimba, ukikosea maneno ya wimbo makusudi ili nikusahihishe. Nilipofumbua macho pasi ilikuwa baridi. Basi nikasema nikuandikie, na barua nitaipitisha kwa simu ya mwanao mkubwa, maana simu zangu wewe hupokei. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, akishanuna, hata askofu hawezi kumtuliza.

Lilikuwako jambo la kuamua kabla ya mwezi huu kwisha, na linakuhusu. Leseni ya ile programu ya kompyuta ya wateja inafika mwisho. Walitaka nilipe ya mwaka mzima kwa mara moja, kwa dola, na bei imepanda tena. Kama unavyojua, wanahesabu vichwa: kila mtu anayeingia analipiwa peke yake. Kule kwenye programu bado tuko wawili, wewe na mimi. Huku atelier niko mmoja, na kila mtu ananiambia nikufute.

Unakumbuka zamani, kabla ya kompyuta? Wateja wote walikaa kichwani mwako. Mtu akisimama tu mlangoni unajua bega lake la kushoto limeshuka, unajua anaogopa rangi ya njano, unajua mama mkwe wake atakuja kulalamika kwamba gauni limebana. Mimi nilikuwa mtu wa mashine, nakanyaga pedali, nasikia sauti zenu kwa mbali kama niko ndani ya maji. Siku hizo nilifikiri kazi ni kushona. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa ile uliyoifanya wewe mlangoni.

Halafu ukashikwa na malaria, nikabaki peke yangu, na yule binti wa Nyawera akaingia na shangazi zake wawili. Nikamrukia kwa furaha: "Ma chérie, harusi ni tarehe gani?" Bwana harusi alikuwa ameshakimbia, mji mzima ulijua, isipokuwa mimi na mashine yangu. Nilipokuja kukusimulia kitandani ulicheka mpaka homa ikashuka, kisha ukafuta machozi ukasema, "Riziki, tutafute kitu cha kutunza hizi habari. Mimi siku moja nitakufa." Mungu apishe mbali, nikakuambia.

Hivyo ndivyo programu ilivyoingia kwetu. Mwaka wa kwanza walitupa bure, wa kutuonjesha. Ulimpa kila mteja fishi yake, ukurasa wenye vipimo, kitambaa anachopenda, na pale chini sehemu ya maelezo ambapo uliandika mambo yasiyopimwa kwa futi. Tulipokwisha kuzoea utamu, muuzaji akapiga simu na bei. Nakusikia bado, umeweka simu kwenye sauti kubwa, umeshika kiuno, unadai sababu.

"Tuko na kompyuta moja tu, papa. Juu ya nini munahesabu batu?"

"Leseni ni ya mutu, maman. Haiko ya mashini."

"Basi andika mutu moja. Sisi tulitoka tumbo moja, tuko mutu moja."

Yule kijana alicheka, akaandika mmoja. Yaya, tulivyoteseka! Wewe uko sokoni na simu, mimi niko atelier na kompyuta, jina moja, neno la siri moja, na mmoja akiingia mwingine anatupwa nje. Siku nzima ni kupigiana makelele: "Toka, niingie!" "Toka wewe, niko na mteja!" Mpaka maman mmoja wa Kamituga akapokea jumbe mbili ndani ya saa moja, zote kwa jina lako, moja inasema gauni liko tayari, nyingine inamuuliza vipimo vya kiuno. Akakupigia kwa uchungu: "Noella, uko muzima kweli?" Na wale wenye programu nao wakagundua, wakatuonya kwamba watatufungia. Ndipo tukalipa ya pili, tukinung'unika, na ulipoona jina langu limesimama chini ya lako ukaenda kuninunulia mikate ya mafuta.

Tulivyoota jioni zile! Mvua inapiga mabati, tumeketi mbele ya kioo cha kompyuta, na wewe unashusha kidole chini ya majina yetu mawili: hapa atakaa msichana wetu wa tawi la Kalehe, hapa wa Uvira, hapa wa Kamituga kwenyewe. Kila mmoja na nafasi yake, kila mmoja na leseni yake, na sisi tumekuwa wazee wanono tunalipa bila kuuliza bei. Mimi nilikuwa nahesabu dola, nakuambia tutafilisika kabla hatujanona. Ulinipiga kofi la mkono. "Niache niote, hii haina abonema ya kulipa," ulisema. Niliwaona kweli wale wasichana, yaya. Mpaka leo nikisinzia nawaona wanapanda kutoka ziwani na vitambaa vichwani.

Halafu siku ile ukabeba watoto kwenda Kampala. Sikulaumu kwa kwenda. Watoto walikuwa hawalali kwa milio ya risasi. Lakini uliniambia pale kwenye taksi, "Panda, twende," nami nikauliza, "Na wateja?" Ukajibu, "Basi baki na wateja wako." Wateja wangu! Wewe ndiye uliyewazaa wote, mmoja mmoja, pale mlangoni. Ukafunga mlango wa gari, na tangu hapo napata salamu kupitia watoto tu, kama mimi ni jirani.

Basi nilikuwa nimekasirika, nasema wazi. Benki zimefungwa tangu siku zile, kadi haipiti, pesa ya leseni lazima niitume kwa mtu Kigali alipe kwa kadi yake, na yeye anakata ya kwake. Ile mashine ya kuzungusha kingo inakula nyuzi, na pesa ya nafasi yako ingeitengeneza. Tonton Déo, mjomba wetu, anapita kila siku na swali lile lile: "Mutu hayuko, unalipia kiti yake juu ya nini?" Juzi mchana, mapazia yanapepea, hakuna mteja, nikafungua ukurasa wa leseni nikabonyeza kwenye jina lako: ondoa.

Programu haikukuondoa mara moja. Iliniuliza kwanza: wateja wa mtumiaji huyu wapewe nani? Ikafungua orodha nichague, na ndani ya orodha kulikuwa na jina moja tu, langu. Nikatazama tu. Maharusi wote wale, wajane, watoto wa komunyo ya kwanza, wote waache jina lako wabebe la kwangu kwa kidole kimoja. Kidole kikakataa, yaya. Kikasimama hewani.

Ndipo macho yangu yakashuka chini ya jina lako, kwenye maandishi madogo ambayo sijawahi kuyasoma: mara ya mwisho kuingia. Ilikuwa jana yake, mchana.

Nilifikiri programu imepata wazimu. Kisha nikamkumbuka maman Julie. Alikuja wiki hii hii kushonesha gauni la ubatizo wa mjukuu. Nilifungua fishi yake kabla hajaketi, na chini pale nikakuta imeandikwa: "Usimuulize habari za bwana. Wameachana. Mpe kiti cha dirishani." Sikumuuliza. Nilimpa kiti cha dirishani, akatazama ziwa muda mrefu, na alipoondoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Aksanti, hapa kwenu mutu anapumuzika." Nilidhani maneno yale niliyaandika mwenyewe nikasahau, kwa uchovu. Nikarudi kuangalia. Yana jina lako na tarehe ya mwezi huu.

Noella! Weye ni mutu wa namna gani? Mimi napiga simu inalia mpaka inakufa, na wewe uko Kampala unaingia humu kila siku kimya kimya, unasikia habari za Bukavu sijui kwa nani, unazileta mpaka kwenye fishi ili nisiaibike mbele za watu! Nilikaa pale nikalia, nikacheka, nikalia tena. Tonton akaingia akadhani kuna msiba. Nilimwambia hapana, ni leseni. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Nimelipa, yaya. Watu wawili, mwaka mzima. Mashine inaendelea kula nyuzi, nitashona kingo kwa mkono. Usifikiri nimelipa ili kukuvuta urudi. Barabara unaijua, na watoto ndio wa kwanza. Nimelipa kwa sababu nakuhitaji, na nilikuwa nakataa kusema.

Na leo, ukungu ulipoanza kuondoka, nilifungua fishi mpya. Mteja anaitwa Riziki, wa Muhumba. Vipimo vyake nimeviandika vyote, kiuno kimeongezeka, usinicheke. Ile sehemu ya maelezo, pale chini, nimeiacha wazi. Iandike wewe.

Nakukumbatia, wewe na watoto.

Mdogo wako,
Riziki